Marehemu wa Kidato cha Tatu

Siku Luqmani Pazi aliporudi shuleni kutoka kumzika kaka yake, alikuta mwenzake mmoja amelalia godoro lake, mwingine amevaa sweta lake, na sanduku lake la bati limegeuzwa meza ya kupigia pasi. Alisimama mlangoni pa bweni, mfuko wa nailoni mkononi, matope ya kwao Mgeta yamemkaukia hadi magotini. Maneno ya kusema alikuwa ameyapanga njia nzima, juu ya lori la karoti, tangu lilipoanza kuteremka mlima mpaka lilipoingia lami. Angesema hivi: kaka yangu Ahmadi amefariki, lori lilipinduka naye. Basi. Hataongeza neno, maana akiongeza atalia, na wavulana wa kidato cha tatu hawalii.

Hakupata nafasi. Wa kwanza kumwona alikuwa Anselmi, mvulana mwembamba wa kitanda cha juu, ambaye baba yake alikuwa askari magereza kule Kingolwira. Anselmi alipiga ukelele, akajigonga kichwa kwenye boriti, akaruka chini na kukimbilia dirishani kama mtu anayetaka kupita katikati ya nondo.

"Pazi huyo," alisema. "Pazi huyo jamani, huyo hapo."

Luqmani aliwatazama, nao wakamtazama. Kisha Evance, ambaye alikuwa kitandani akikata kucha, na ndiye aliyevaa sweta lile la kijani, alimpima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Marehemu, karibu. Vipi, huko nako wamefunga shule?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi jikoni. Wavulana walianguka vitandani, wakashikana mbavu, wakapigana viganja. Wawili walimkimbilia Luqmani wakamshikashika mashavu na mikono kuhakikisha kama ni nyama kweli. Naye, mwenye maneno yake tayari mdomoni, akajikuta anacheka. Hakujua kwa nini anacheka. Ila alicheka, na alipomaliza kucheka, maneno hayakuwepo tena.

Habari ya kifo chake ilikuwa imefika hivi. Miaka ile ilikuwa ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Kila mwenye uwezo alinunua lori lililochoka huko ng'ambo na kulipandisha mlimani kufuata kabichi na karoti za kuuza Dar es Salaam, na Ahmadi Pazi, aliyekuwa ameacha shule ili mdogo wake aendelee, alikuwa mpakiaji wa mojawapo ya malori hayo. Luqmani alikuwa nyumbani kwa likizo fupi wakati lile lori liliposhindwa kona, breki zikiwa hazishiki. Ahmadi alikuwa amekaa juu ya mzigo. Masika yalikuwa yamechachamaa, barabara ikakatika, na Luqmani akakwama nyumbani wiki baada ya wiki.

Huku mjini, mwanafunzi mwenzao aitwaye Kasiani alikwenda kwenye maegesho ya malori kupokea mzigo wa viazi kutoka kwao, akamkuta dereva mmoja, Gabrieli, ambaye aliteremka kabla njia haijakatika. Gabrieli akamwambia kwa masikitiko, "Huko juu kuna msiba. Mtoto wa Pazi tumemzika." Kasiani hakuuliza mtoto yupi. Shuleni Luqmani aliitwa kwa jina la baba yake, Pazi, kama wengi wanavyoitwa kwa majina ya baba zao. Kasiani akakimbia mpaka shuleni, na kabla ya jua kuzama Pazi alikuwa amekufa.

Kwa hiyo shule ilimlilia. Ilikuwa shule ya kulipia, changa, iliyofunguliwa ndani ya maghala ya ushirika uliofilisika, na haikuwa imewahi kufiwa. Mwalimu Thobias, mwalimu wao wa darasa, aliwasimamisha kimya mistarini. Msichana mmoja, Mwaisha, aliangua kilio mbele ya watu wote, akalia mpaka makamasi yakamtoka, akashindwa kusimama, ikabidi wenzake wamshike kwapani. Wanafunzi walichanga sukari ya kupeleka msibani. Kwa kuwa njia ilikuwa haipitiki, sukari hiyo ikaishia kwenye uji. Halafu siku zikapita, na vitu vya marehemu vikaanza kutazamwa.

"Hatukuiba," Evance alimweleza, akivua sweta kwa heshima kubwa na kulikunja. "Tulirithi. Tulikaa kikao cha ukoo, mwenyekiti nilikuwa mimi. Anselmi alitaka na ndala zako, nikamwambia aache tamaa, mwili wenyewe bado haujapoa."

Wakacheka tena. Evance alikuwa na kipaji, hilo hakuna aliyebisha. Baba yake alikuwa amepunguzwa kiwandani, akafungua banda la kuonyesha video pale Mwembesongo, na Evance alikuwa amekulia mle ndani akiiga sauti za kila mtu, wa kwenye video na wa nje. Aliweza kumwigiza Mwalimu Thobias akipenga kamasi. Aliweza kumwigiza mpishi, mlinzi, muuza mitumba. Mtu akiigizwa na Evance alijua kwamba kwa wiki nzima hatakuwa na sura nyingine shuleni isipokuwa ile aliyopewa.

Asubuhi ya pili, Mwalimu Thobias alipoita majina, alifika kwa Luqmani akasita kidogo.

"Pazi."

"Amefariki, mwalimu," lilijibu darasa zima kwa pamoja, kama wimbo.

Mwalimu Thobias aliuma mdomo, mabega yakamtikisika. "Haya," alisema, "marehemu akae." Tangu hapo jina likapigwa muhuri.

Alipokwenda kuchukua chakula, mpishi alimuuliza kama wafu wanakula maharage. Akikohoa darasani, mtu alisema anatapika udongo. Alipokosa hesabu ubaoni, Evance alisema asamehewe, ubongo huwa ndio wa kwanza kuliwa na funza. Watoto wa kidato cha kwanza walikuja kumchungulia mlangoni, na wakubwa zao waliwatuma wamshike, aliyethubutu akapewa kipande cha muwa. Luqmani, ambaye kabla ya hapo alikuwa mshamba wa Mgeta aliyevuta maneno na kukaa nyuma, sasa alijulikana shule nzima. Wasichana waliokuwa hawamjui jina walimsalimia. Nafasi ilipatikana kwake kwenye benchi la Evance.

Kila usiku alijiambia kesho atasema. Ila kila kesho ilivyokuja ilikuwa ngumu kuliko jana. Angeanzaje? Watu wamecheka wiki nzima, yeye mwenyewe kacheka nao, kisha aseme kwamba kweli kulikuwa na maiti? Wangemuuliza mbona ulikuwa unacheka.

Mwaisha ndiye peke yake aliyeuliza. Yeye naye alikuwa amepewa jina. Waliporudi kwenye akili zao na kukumbuka jinsi alivyolia, walimwita Mjane. Walimuuliza kama ameshakaa eda. Walimwandikia ubaoni: Mjane wa Pazi, mumeo amerudi, mpikie. Alikuwa msichana mkimya, mtoto wa muuza vitumbua wa mtaa wa jirani, na wala hakuwa amewahi kuongea na Luqmani zaidi ya kuazimana rula. Alikuwa amelia tu kwa sababu baba yake mwenyewe alifariki mwaka uliotangulia, na kilio kilimkuta hakijaisha.

Alimkuta Luqmani kwenye bomba, akijaza ndoo.

"Nataka nikuulize kitu," alisema. "Yule dereva hakuzua. Mtu hawezi kusema tumezika kama hawakuzika. Nani alikufa?"

Luqmani alitazama maji yakipanda kwenye ndoo. Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Palikuwa kimya, hapakuwa na mtu, na msichana mwenyewe alikuwa ameuliza kwa sauti ya mtu anayejua maana ya anachouliza. Ila nyuma ya jiko alisikia sauti ya Evance ikija na vicheko vya watu, na akaona kwamba kama akianza kulia sasa watamkuta analia, yeye na Mjane wake, kando ya bomba.

"Jirani tu," alisema. "Mtu wa jirani. Simjui sana."

"Haya," alisema Mwaisha. "Pole yao." Akachukua ndoo yake akaondoka.

Kila Jumamosi jioni kulikuwa na burudani kwenye ghala kubwa, lile lililotumika kama ukumbi wa kulia. Benchi zilisogezwa, taa ya karabai ikawashwa kama umeme ulikatika, na kila darasa lilitoa mchezo wake. Evance alimjia Luqmani siku mbili kabla.

"Tunakuzika," alisema. "Mazishi rasmi. Yale ya kwanza hatukuhudhuria, barabara ilikatika. Wewe kazi yako ni kulala tu, mshikaji wangu. Hata mtu asiye na akili anaweza kulala."

"Nisipotaka?"

Evance alishangaa kweli kweli, si kwa kuigiza. "Kwa nini usitake? Shule nzima inakuja kwa ajili yako."

Na shule nzima ilikuja. Luqmani alilazwa kwenye benchi, akafunikwa shuka la Kasiani lililonuka mafuta ya taa. Chini ya shuka mwanga ulikuwa wa manjano. Alisikia miguu, alisikia walimu wakivuta viti mbele, alisikia Evance akikohoa kama mzee wa familia aliyeombwa kusema mawili matatu.

"Marehemu," alianza Evance, "alizaliwa akiwa hai."

Ukumbi ukalipuka.

"Alisoma mpaka kidato cha tatu, lakini elimu yenyewe ilikataa kuingia. Alikuwa mpole. Hakuwahi kumpiga mtu, kwa kuwa hakuwa na nguvu. Ameacha godoro moja, ndala, na mjane aliyemlilia kuliko mama yake mzazi. Na mama yake mzazi tunaye hapa. Mama, karibu useme na mwanao."

Kisha ikaja sauti nyingine. Evance alikuwa amejitupia khanga kichwani, Luqmani hakuhitaji kuona ili ajue hilo. Sauti ilikuwa ya mwanamke wa mlimani, yenye mkunjo ule wa Kiluguru, ikipanda na kuvuta mwisho wa kila neno. "Mwanangu weee. Mwanangu nani atanipandia kabichi. Amka mwanangu, karoti zinaoza."

Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Chini ya shuka, Luqmani aliiona tena mikono yake mwenyewe siku ya mazishi, ikimwaga maji kwa kopo kwenye bega la Ahmadi. Baba yake ndiye aliyekuwa akisugua, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Kwenye bega palikuwa na kovu la panga walilopeana utotoni, na kovu lilikuwa limebaki na rangi ileile wakati mwili mzima umeshabadilika. Nje ya kiambaza mama alikuwa akilia. Evance hakuwa amewahi kumsikia, hakuwa amewahi hata kufika Mgeta, ila alikuwa amempatia. Alikuwa amempatia kabisa, mpaka ile pumzi ya katikati.

"Marehemu ana neno la mwisho," Evance alitangaza, akalivuta shuka.

Luqmani aliketi. Mwanga ulimchoma macho. Aliona nyuso, meno, Mwalimu Thobias akijifuta machozi kwa leso. Wote walikuwa wakimngoja, na alijua kwamba akinyamaza hata kidogo zaidi, uso wake utamsaliti, na kitakachotoka hapo hakitarudi. Ilibidi awape kitu. Macho yake yalizunguka yakitafuta, yakamwona Mwaisha, amesimama nyuma karibu na mlango, peke yake asiyecheka.

"Nimerudi kwa sababu ya mjane wangu," Luqmani alisema.

Wakashangilia. Ikawa rahisi. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani.

"Kule nilikokuwa nilikuwa nimepumzika vizuri. Ila alilia huyu, akalia, makamasi yake yakashuka mpaka kaburini. Nikalowa. Nikawaambia malaika, nifungulieni nikamfute pua, hapa hapalaliki." Alingoja kicheko kipungue, kama alivyomwona Evance akifanya. "Nimefika, nimemtazama vizuri usoni. Naomba mnizike tena."

Walimbeba. Wavulana walimnyanyua juu ya mabega wakamzungusha ukumbi mzima, wakiimba Marehemu, Marehemu. Kutoka huko juu aliuona mlango ukifunguka na kufungwa. Evance alimpiga kiganja mgongoni akasema, "Nilikuwa sikujui, kumbe wewe ni mtu." Na ukweli ni kwamba, usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Mgeta, alilala usingizi mzito, bila ndoto.

Darasani Mwaisha alihamia dawati la mbele kabisa, ukutani. Walimpengea kamasi kila alipopita. Luqmani hakuwahi kupenga, ila alikuwa anakaa benchi moja na waliopenga.

Jumapili moja, arobaini ya Ahmadi ikiwa imekaribia, Luqmani alikuwa ameshuka mtoni kufua. Alipopanda na ndoo ya nguo mbichi kichwani na kufika kwenye kona ya ghala, alisikia sauti iliyomfanya asimame. Alidhani ni Evance tena. Kisha akaona kwamba si Evance.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye ngazi za bweni, kapu la karoti na matunda miguuni, viatu vyake vya plastiki vimejaa udongo mwekundu. Wavulana sita au saba walikuwa wamemzunguka. Bila shaka alikuwa ameshuka na lori la alfajiri, na bila shaka walikuwa wamemkuta getini akimuulizia mwanawe.

"Kwa hiyo wewe ndiye mama wa marehemu?" Kasiani alikuwa akiuliza, akijikaza kuzuia kicheko.

"Ndiye mimi, baba," alisema mama.

Anselmi aligeuka ukutani, mabega yanatetemeka. Evance alipiga hatua mbele, akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba. Sisi hapa marehemu alikuwa mtu wetu. Tangu atutoke hatuli, hatulali."

Luqmani alikuwa kwenye kona, ndoo kichwani, maji yakimtiririkia shingoni. Zilikuwa hatua chache tu kufika pale. Angeweza kutoka. Angeweza kuita tu, Mama, na mambo yakaishia hapo. Hakutoka. Alichokiogopa wakati ule, baadaye alikuja kujiambia, hakikuwa kwamba mama yake ataumia. Aliogopa kuonekana.

"Marahaba wanangu," mama alisema. "Mungu awabariki. Sikujua kama mlimjua Ahmadi."

Evance aliinua kichwa. "Ahmadi," alisema.

"Alikuwa akipenda sana kupita hapa kumwona mdogo wake, wakishusha mzigo mjini. Labda ndivyo mlivyoonana." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Alikuwa amekaa juu ya mzigo. Walikuwa wanamwambia aingie ndani, hakutaka, alipenda upepo. Gari liliposhindwa kona, yeye ndiye aliyetangulia chini. Tulimtafuta kwenye kabichi. Luqmani ndiye aliyemwona."

Hakuna aliyecheka sasa, isipokuwa Anselmi, ambaye hakuwa amesikia vizuri na bado alikuwa ukutani. Kasiani alimkanyaga mguu kwa nguvu.

"Alimwosha yeye na baba yake," mama aliendelea. "Mtoto mdogo vile. Nilimkataza, akasema ni kaka yangu, nitamwosha. Tangu siku ile hajasema neno. Hakulia, hakula, anatazama tu. Hata alipotaka kurudi shule nilikuwa na wasiwasi. Baba yake akasema mwache aende, kule ana wenzake, watoto wenzake watamchekesha." Alimtazama Evance, ambaye ndiye aliyekuwa mbele. "Je, anacheka?"

Evance aligeuka kuwatazama wenzake.

"Anacheka, mama," alisema Evance.

"Alhamdulillahi," alisema mama, akaanza kutoa matunda kapuni na kuwagawia, mmoja mmoja, mikononi. Walipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyekula.

Luqmani alitokeza. Alitua ndoo, akamwamkia mama yake, na mama akamshika mikono yote miwili akamwambia wenzake ni watoto waliolelewa. Evance na wengine walikuwa wanatazama chini. Mwalimu Thobias alitoa ruhusa ya kwenda arobaini bila kuuliza swali, na bila kuinua macho kwenye karatasi zake, maana habari ilikuwa imemfikia kabla yao.

Walipanda na lori la Gabrieli, wamekaa mbele, mama dirishani. Njia nzima, kutoka tambarare mpaka ukungu ulipoanza, mama aliongea habari za wale wavulana. Yule mrefu mwenye adabu anaitwa nani. Evance. Ni Mkristo, basi hata hivyo ana moyo. Na yule aliyekuwa analia ukutani, aliyeshindwa hata kunitazama?

"Anselmi," Luqmani alisema.

"Nitawaombea kwa majina. Nitajie wote."

Akamtajia wote. Gabrieli alimtupia jicho, akabadilisha gia. Kwenye ile kona, mama aliacha kuongea mpaka walipoipita.

Aliporudi shuleni, hakuna aliyemwita Marehemu. Hakuna aliyemwita chochote. Godoro lake lilikuwa limetandikwa vizuri na sweta lilikuwa limefuliwa. Alipokwenda kukaa kwenye benchi la Evance, mazungumzo yalikatika, na baada ya muda mmoja mmoja akakumbuka ana shughuli. Kwa siku kadhaa alidhani ni aibu, na kwamba itaisha. Mwishowe alimfuata Evance nyuma ya jiko.

"Sina kinyongo," alimwambia. "Hamkujua."

Evance alikuwa amekasirika. Luqmani hakutegemea hilo. "Ulituacha," alisema. "Ulikaa pale ukatutazama tunafanya vile. Nimemwigiza mama yako, Pazi. Mbele yako. Ungesema neno moja tu ningenyamaza. Sasa mimi ni mtu gani?" Alitema mate pembeni. "Tena wewe ulicheka kutushinda."

Akaondoka, na kwa Luqmani urafiki wao ukawa umeisha. Wengine walifuata, kama walivyozoea kumfuata Evance katika kila kitu. Luqmani alirudi nyuma ya darasa, mahali pake pa zamani, na mara nyingine, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, alilitamani lile jina.

Jina la Mwaisha lakini halikuondolewa. Hakuna aliyekusudia libaki. Ni kwamba hakuna aliyekumbuka kulitoa. La Marehemu liliwachoma mdomoni, ila Mjane lilikuwa limeshakuwa jina tu, kama Mrefu au Kipara. Wapishi walimwita hivyo, wageni wa kidato cha kwanza wakalikuta na kulichukua. Luqmani alimfuata siku moja, akamsimamisha njiani kuelekea mjini, akamwambia kwamba aliyekufa alikuwa kaka yake.

"Najua," Mwaisha alisema. "Shule nzima inajua."

"Nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Nilikuuliza mwenyewe," alisema. "Ukaniambia jirani." Akampita.

Muhula wa mwisho wa mwaka, Mwalimu Thobias alikuwa akifundisha Kiswahili, akatafuta mtu wa kusoma kifungu kwa sauti. "Nani asome?" aliuliza.

"Mjane asome," ilisema sauti kutoka nyuma, bila ubaya wowote, na Mwalimu Thobias, bila ubaya wowote, akamwelekezea kitabu Mwaisha.

Luqmani alisimama. Hakuwa amepanga kusimama. "Mwalimu," alisema, "anaitwa Mwaisha."

Watu waligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kusikia sauti yake darasani, na alihisi uso wake ukipata moto, ila hakukaa.

"Anaitwa Mwaisha," alirudia. "Wote mnajua. Mimi ndiye niliye—"

"Mumewe kaongea," alisema Anselmi.

Walicheka mpaka madawati yakagonga ukuta. Walicheka kwa nafuu, kama watu waliokuwa wamezuiliwa muda mrefu, na Evance naye, ambaye alikuwa hajacheka na Luqmani tangu Jumapili ile, aliinamisha kichwa juu ya mikono yake akacheka. Mwalimu Thobias alipiga meza kwa kiganja, akisema basi, basi, huku naye akitabasamu.

Mwaisha alikuwa ameshasimama, kitabu mkononi. Aligeuka nusu, kiasi cha sauti yake kufika nyuma, bila kumtazama.

"Kaa chini, Luqmani," alisema. "Unanirefushia aibu."

Akakaa. Mwaisha akafungua ukurasa na kuanza kusoma.